Lami Imefika Buha, Njia za Miguu Zisife

Ukipanda Hiace stendi ya Kasulu ukamwambia konda akushushe njiani, pasipo duka wala nyumba ya mtu unayemjua, atakuuliza swali moja: "Unakwenda kwa nani?" Ukijibu kwamba huendi kwa mtu, unataka kutembea tu, utaona anavyogeuka kumtazama dereva. Siti ya nyuma itanyamaza kidogo. Kisha mama mwenye kapu la dagaa mapajani atakuambia kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa: "Mwanangu, huko hakuna kitu."

Shikamoo mama, kitu kipo. Tena kipo kingi, na siku hizi kinafikika kwa nauli ya Hiace. Milima ya Buha, kuanzia Kasulu hadi Kibondo, ni mahali pazuri pa kutembea kwa miguu kuliko sehemu nyingi tunazozisifia nchini, na huhitaji gari lako wala la kukodi ili uifikie. Shida ni kwamba njia zenyewe hazina mwenyewe kwenye makaratasi. Na katika nchi hii, kitu kisicho na mwenyewe kwenye makaratasi hakichelewi kupotea.

Kwa miaka mingi Kigoma ilikuwa mwisho wa reli na mwisho wa subira. Reli ya Kati ilifika mwaka 1914, na baada yake mambo yakawa ya polepole. Barabara ya kwenda kaskazini kupitia Kasulu na Kibondo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Halafu zikaja vita vya majirani zetu, silaha zikazagaa, na mabasi ya Mwanza na Bukoba yakawa yanasindikizwa na polisi wenye bunduki katika misitu ya Kibondo na Biharamulo. Wakati ule hakuna abiria aliyetamani kushuka njiani aangalie mandhari. Aliyeshuka alishuka kwa sababu ametekwa.

Leo hali ni nyingine. Kutoka Kidahwe hadi Kasulu kuna lami ya kilomita 63. Mradi wa Kabingo–Kasulu–Manyovu, wenye kilomita zipatazo 260 na fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, umebadilisha sehemu kubwa ya njia iliyobaki. Mtu wa Kigoma mjini anaweza kunywa chai nyumbani kwake, akafika Kasulu soko halijachangamka, akapanda gari jingine, na saa nne ya asubuhi akawa yuko juu ya mgongo wa mlima na upepo unampiga usoni. Mwalimu mwenye likizo anaweza. Muuguzi aliyetoka zamu ya wiki anaweza. Mwanafunzi wa chuo akijibana kidogo, naye anaweza.

Lakini mwambie ofisa yeyote habari za utalii, macho yake yanamwona mzungu ndani ya Land Cruiser. Mtanzania mwenye viatu vya raba, chupa ya maji na kitambulisho mfukoni haingii kwenye hesabu. Ndiyo maana kila mpango wa "kufungua utalii wa Kigoma" unaanza na barabara ya kuingilia, geti na hoteli. Inashangaza, kwa sababu mkoa huu wenyewe umekwisha kuonyesha njia nyingine. Gombe, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na Mahale, ya mwaka 1985, zinatembelewa kwa miguu. Unafika kwa boti, unashuka, unatembea. Watu wanatoka Marekani na Japani kuja kutembea kwa miguu Kigoma, na wanalipa vizuri. Sisi tulio jirani hatujajiuliza kwa nini.

Tuitazame nchi yenyewe. Ziwa Tanganyika liko mita 770 na ushee juu ya usawa wa bahari. Ukiliacha nyuma yako na kupanda kuelekea Kasulu, michikichi inapungua, migomba inazidi, hewa inabadilika, na vilele vya Buha vinapita mita 1,500. Mabonde ni mengi, na karibu kila bonde lina kijito chake, na vijito hivyo vingi mwisho wake ni Malagarasi. Mto huu una tabia ya ajabu. Unaanzia huku huku kwenye milima ya mpaka wa Burundi, si mbali na ziwa, lakini haulikimbilii. Unakwenda kaskazini mashariki, unapita kati ya nchi ya Kasulu na ya Kibondo, unageuka kusini na kupotea kwenye vinamasi, kisha unarudi magharibi hadi ziwani kupitia Uvinza, baada ya kuzunguka karibu mkoa mzima. Vinamasi vile, vya Malagarasi na Muyovozi, ndivyo vilivyokuwa eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika orodha ya ardhioevu ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Huko anaishi korongo nyangumi, ndege mwenye mdomo mpana anayesimama bila kujitikisa hadi ukadhani ni kisiki. Ila huko ni pori la akiba, lina vibali vyake, na si pa kwenda na Hiace. Makala haya yanabaki milimani.

Na milima hii ina historia inayosomeka kwa miguu tu. Buha ya zamani ilikuwa na falme kadhaa: Heru, Luguru, Bushingo, Nkalinzi, Muhambwe, Buyungu. Majina mawili ya mwisho hadi leo ni majina ya majimbo ya uchaguzi, Muhambwe kwa Kibondo na Buyungu kwa Kakonko, na nadhani wapiga kura wengi vijana hawajui kwamba wanachagua mbunge wa ufalme. Kasulu kuna Heru Juu, makao ya watawala wa Heru. Aliyetawala mwishoni, hadi serikali ilipoufuta uchifu mwaka 1963, alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Nenda Heru Juu kwa gari na utaona kijiji chenye mwinuko. Nenda kwa miguu, upande mlima polepole, usimame kila unapoishiwa pumzi na kugeuka nyuma, utaelewa kwa nini mfalme alikaa pale: kila anayekuja anaonekana saa nzima kabla hajafika.

Hapa ndipo mwenye gari anaposhindwa na abiria wa Hiace. Mwenye gari akiliacha chini ya mti, amejifunga na mti ule. Aende atakakokwenda, lazima arudi palepale. Abiria anashukia hapa na kupandia kule. Anaweza kupelekwa juu na gari asubuhi, kisha akashuka mteremko hadi jioni. Anaweza kutoka barabara ya Kibondo na kutokea barabara nyingine kabisa, akavuka mabonde ambayo hayajawahi kuona tairi la gari. Matembezi ya mwenye gari ni duara. Ya abiria ni safari.

Ugumu upo kwenye ratiba, na hili nitalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu ndilo linalowashinda wengi. Magari ya vijijini mengi hulala kijijini. Alfajiri yanakusanya watu wa kwenda mjini, wagonjwa, wenye kesi, wenye magunia ya maharage, na alasiri yanawarudisha makwao. Anayetoka mjini asubuhi kwenda kijijini anakwenda kinyume na watu wote. Atakaa stendi gari lijae hadi saa tano, jua limeshapanda na hamu imeshaisha. Dawa yake ni gulio. Siku ya gulio mambo yanageuka: wachuuzi wa mitumba, wa dagaa na wa vyombo vya plastiki wanatoka mjini mapema kuwahi nafasi, magari yanajaa kabla jua halijachomoza, na jioni yote yanarudi mjini. Mtembezi mwenye akili anauliza kwanza gulio la wiki liko kijiji gani, halafu ndipo anapanga njia yake. Na kabla ya kushuka anamuuliza konda gari la mwisho kurudi linapita saa ngapi, kisha anatoa saa moja kwenye jibu atakalopewa, maana konda naye ni binadamu, anapenda kukufurahisha.

Ukikosa gari kabisa, bodaboda ipo. Usione haya. Hata huyo ni usafiri wa umma wa aina yake.

Ukishaacha lami, dakika chache tu, kelele zinakatika. Njia inapita kati ya mihogo na maharage, inateremka hadi kwenye kijito. Daraja ni magogo mawili yaliyolala sambamba, yamekwaruzwa na nyayo hadi yakang'aa, na moja linacheza kidogo ukilikanyaga katikati. Pembeni kuna vidimbwi vilivyochimbwa ukingoni, vimefunikwa majani na mawe juu yake. Ndani mna muhogo uliolowekwa, na harufu yake inakufikia kabla hujaviona. Ng'ambo, kwenye mti mkubwa, unaning'inia mzinga wa gogo, na chini yake nyasi zimefyekwa kuzuia moto. Asali ya Kibondo unayoinunua kwenye chupa ya maji pale stendi inaanzia mahali kama hapa. Unapanda tena upande wa pili. Mzee aliyekaa mlangoni anapukuchua mahindi anakusalimu kwa Kiha, mwakeye, nawe unamjibu. Halafu anakuuliza kwa Kiswahili: "Gari limewaharibikia?"

"Hapana mzee, ninatembea tu."

"Kwa hiyo hujaharibikiwa na chochote?"

"Sijaharibikiwa, mzee."

Anafikiri kidogo. "Basi kaa unywe maji."

Mzee yule alikuwa na haki ya kushangaa. Katika nchi hii tunatembea kwa sababu tatu: shida, ibada na siasa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, na tangu hapo ukisema "matembezi" watu wanatazamia fulana mpya, bendi ya tarumbeta na mgeni rasmi. Kutembea kwa sababu kilima ni kizuri hakujazoeleka. Na Waha hasa wametembea sana kwa shida. Enzi za Waingereza, Kasulu na Kibondo zilikuwa kisima cha manamba: vijana walitoka kwenye milima hii kwenda kukata mkonge Tanga, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao maalumu ya kuwaandikisha, SILABU. Miaka ya 1970 ilipokuja Operesheni Vijiji, familia ziliacha mashamba ya milimani na kusogezwa kando ya barabara. Na ndizo njia hizi hizi walizopita wakimbizi kutoka Burundi, kwa vipindi tofauti, watoto mgongoni na magodoro kichwani.

Hata mgeni maarufu kuliko wote alipita hapa kwa miguu, na hakupenda. Novemba 1871 Stanley alikatiza Buha akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Machifu walimtoza hongo mmoja baada ya mwingine, hadi akaamua kukodi kiongozi wa njia na kutoroka usiku kupitia porini ili avikwepe vijiji. Kitabu chake kinawalaumu sana Waha. Mimi siwalaumu. Njia ilikuwa yao, na kwa lugha ya leo walikuwa wanakusanya ushuru wa barabara, bila hata mashine ya risiti.

Najua nitakachoambiwa. Kwamba ni anasa, tena ni kejeli, mtu wa mjini kupanda kilima kwa raha zake wakati mama anapanda kilima hicho hicho na ndoo ya lita ishirini kichwani. Hoja hii ina uzito, na sitaki kuipuuza. Lakini tuifuate hadi mwisho. Mama yule anahitaji nini kwenye njia ile? Anahitaji isifungwe na uzio wa mtu. Anahitaji magogo ya darajani yabadilishwe kabla hayajaoza. Anahitaji nyasi zifyekwe asikanyage nyoka. Mtembezi anahitaji hayo hayo, hana la ziada. Tofauti ni kwamba mama amekuwa akiyahitaji miaka yote bila kusikilizwa, na huenda mtembezi mwenye kalamu na simu ya kamera akasikilizwa. Kama ni dhuluma, na itumike kwa faida yake.

Na njia zinafungwa, tusidanganyane. Lami inapofika, bei ya kiwanja inapanda. Anayenunua ekari tatu kando ya barabara anaweka nguzo na seng'enge, na njia iliyokuwa ikikatiza pale tangu enzi za babu inaishia kwenye waya. Mwanafunzi aliyekuwa akipita katikati ya mashamba kwenda shule sasa anazunguka kwa kufuata lami, pembezoni mwa mabasi yanayoteremka kwa kasi ambayo barabara ya vumbi haikuiruhusu. Matuta ya barabarani yanasaidia kidogo. Njia ya zamani ingesaidia zaidi.

Uliza njia hiyo ni ya nani. TANROADS wanashughulika na barabara kuu na za mkoa. TARURA, tangu mwaka 2017, wana barabara za wilaya na za vijijini. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inailinda barabara kuu kwa mita 30 kila upande kutoka katikati, na wenye nyumba zilizopigwa alama ya X wanaijua namba hiyo kwa uchungu. Njia ya miguu inayovuka bonde haina hata nusu mita inayolindwa kwa jina lake.

Wenzetu walishapita hapa. Uingereza, mwaka 1932, vijana wafanyakazi kutoka Manchester na miji ya jirani walipanda mlima wa Kinder Scout bila ruhusa ya wenye ardhi, na watano kati yao wakafungwa jela. Mwaka 1949 ikatungwa sheria iliyozilazimisha halmashauri za England na Wales kuchora ramani rasmi ya njia za miguu katika maeneo yao. Leo mtu wa mjini kule anapanda basi, anashuka kijijini, anafuata njia iliyo kwenye ramani katikati ya shamba la mtu, na mwenye shamba hana la kusema. Hapa nyumbani, Lushoto wamefanya kitu cha kufanana nacho kwa njia yao: mgeni anapanda basi kutoka Mombo, anafika mjini, anatembea hadi Irente au Magamba, na vijana wa pale wanapata riziki kwa kumwongoza. Usambara haina kilima ambacho Buha haina cha kulingana nacho. Ilitangulia tu kujitangaza.

Sisi hatuhitaji kuingia jela wala kusubiri sheria mpya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 inakiwezesha kijiji kuandaa mpango wake wa matumizi ya ardhi, kikatenga makazi, mashamba, malisho na misitu. Katika karatasi hiyo hiyo kuna nafasi ya mstari mwembamba unaosema: hii ni njia ya miguu, ya wote, isizibwe. Sihitaji geti. Sihitaji kibanda cha tiketi wala kamati ya utalii yenye posho, ambayo ninaogopa zaidi kuliko nyoka. Mstari unatosha, na mkutano wa kuuidhinisha.

Kwa atakayekwenda, machache. Mwisho wa Mei na Juni ndio wakati wake: mvua zimekatika, nchi bado kijani, na moshi wa kuchoma nyasi haujafunika milima. Ukifika kijijini mwone mwenyekiti au mtendaji, umsalimie na kumweleza unakopita. Ni adabu, na ni usalama wako. Beba kitambulisho cha NIDA. Huu ni mkoa wa mpakani, na wenyeji wenyewe wamechoka kuulizwa uraia wao, jambo ambalo wabunge wa Kigoma wamelilalamikia Bungeni mara nyingi. Mgeni naye ataulizwa. Kambi za wakimbizi si mahali pa kuzurura. Zina utaratibu wake wa vibali, na walio ndani yake hawaruhusiwi kutembea wanakotaka kama wewe. Nunua chakula huko huko kijijini: ugali wa muhogo, maharage, ndizi. Ukibeba mkate kutoka mjini, umekwenda kutazama watu na hukuwaachia hata shilingi.

Kwa wenyeviti wa vijiji vya Kasulu na Kibondo, ombi langu ni dogo. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Kwenye mkutano ujao ongezeni ajenda moja, njia za miguu. Waiteni wazee wazitaje kwa majina, kutoka wapi hadi wapi, zinavuka kijito gani. Mtendaji aandike kwenye muhtasari, mpige muhuri, na nakala iende halmashauri kabla mnunuzi mwingine wa ekari tatu hajafika na seng'enge yake.